Hakuna mgombea anayenifaa: nimpigie nani kura?

Wakenya watapiga kura Jumanne, 10 Agosti 2027. Barua tulizochagua mwezi huu zina kilio kimoja: nimewatazama wagombea wote, na hakuna hata mmoja anayesema ninayoyaamini. Tumezijibu kwa urefu tofauti, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa. Msomaji mmoja ametuandikia kutoka Tanga, ambako hesabu ya kura ni nyingine kabisa.

SWALI: Ndugu wahariri, nina mambo manne yanayonikera: maji, karo ya sekondari, kodi na barabara ya kijijini kwetu. Mgombea ugavana mmoja ana mpango mzuri wa maji lakini yuko kortini kwa kesi ya ufisadi. Wa pili hana doa, ila hotuba zake zote ni za karo. Wa tatu anazungumzia kodi vizuri sana. Nikimchukua huyu nakosa lile, nikimchukua yule nakosa hili. Nifanyeje? (Mkulima, Njoro)

JIBU: Ndugu mkulima, kabla hujawapima wagombea, pima kwanza kiti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Kaunti ina hospitali zake, vituo vya afya na zahanati, kilimo, maji, barabara za kaunti, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali kuu ina shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, polisi, barabara kuu na kodi kubwa kama ile ya mapato na ile ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo karo ya sekondari na kodi unazozilalamikia haziamuliwi na gavana. Mgombea wa pili na wa tatu wanakuahidi kazi ya watu wengine, na hilo peke yake ni alama dhidi yao: ama hawajui kazi wanayoiomba, ama wanajua na wanakuficha.

Kodi ina karatasi zake. Mswada wa Fedha hupigiwa kura katika Bunge la Taifa, na humo una watu wawili: mbunge wa eneobunge lako na Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti yako. Wengi humwona Mwakilishi wa Wanawake kama mtu wa kugawa misaada ya vikundi, ilhali kura yake bungeni ni sawasawa na ya mbunge yeyote. Seneta hapigi kura kwenye mswada wa fedha. Kazi yake kubwa ni mgao wa pesa kati ya kaunti na kusikiliza mashtaka ya kumng'oa gavana. Kama mbunge wako au Mwakilishi wenu anatetea kiti chake, huna haja ya kumuuliza anaonaje kodi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, na majina ya waliounga mkono na waliopinga yalichapishwa. Mtafute humo. Kama jina lake halimo upande wowote, hilo nalo ni jibu.

Sasa turudi kwa gavana. Mambo yako yamebaki maji na barabara. Ongeza la tatu ambalo kaunti ina mamlaka nalo, tuseme zahanati. Chukua pointi 10 uzigawe kulingana na jinsi unavyoumia: maji 5, zahanati 3, barabara 2. Fanya hivyo kabla ya kuandika jina la mgombea yeyote. Kisha mpe kila mgombea alama ya 0 hadi 3 kwa kila jambo: 0 kama hajalisema, 1 kama ni ahadi tupu, 2 kama ametaja mahali, gharama na muda, 3 kama ana kazi ya namna hiyo aliyowahi kuikamilisha inayoonekana. Zidisha na ujumlishe. Mgombea wa kwanza akipata 3 kwa maji, 1 kwa zahanati na 1 kwa barabara, ana 15 + 3 + 2, yaani 20 kati ya 30. Wa pili akipata 1, 2 na 2, ana 5 + 6 + 4, yaani 15.

Kesi ya ufisadi usiipe pointi. Ipe mstari: akiuvuka, anatoka, hata awe na alama 30. Sababu ni ya kihesabu. Alama 3 za maji umezitoa ukidhani pesa ya bomba itafika kwenye bomba, na mtu anayeiba bajeti anaziharibu alama zote kwa mpigo, za maji, za zahanati na za barabara. Ila mstari wenyewe uuchore kwa uangalifu. Uvumi wa sokoni si sawa na kushtakiwa, na kushtakiwa si sawa na kuhukumiwa. Wala usijifariji kwamba tume ya uchaguzi imemwidhinisha: Katiba haimwondoi mgombea kwa sababu ya hukumu mpaka rufaa zote ziishe, kwa hiyo jina lake kuwa kwenye karatasi si cheti cha usafi. Soma hati ya mashtaka inahusu nini. Kama ni pesa za ofisi ya umma aliyokuwa akiisimamia, na hakimu ameona ana kesi ya kujibu, sisi tungemtoa.

Kwa anayetetea kiti kuna nyaraka mbili zinazosema zaidi ya mikutano yote ya hadhara. Ya kwanza ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa kaunti yako: usiishie kwenye maoni ya jumla ya mkaguzi, soma aya zinazotaja miradi iliyolipiwa na haipo, au iliyokwama. Ya pili ni ya Msimamizi wa Bajeti, inayotoka kila robo mwaka. Humo tazama safu ya matumizi ya maendeleo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kaunti nyingine huandika asilimia hiyo kwenye makadirio, kisha mwaka ukiisha mishahara na safari zimelipwa na miradi haijaguswa. Linganisha kilichopangwa na kilichotumika. Pengo hilo ndilo rekodi ya gavana.

Tazama na mgombea mwenza. Gavana akiondolewa au akifa, naibu ndiye anayemaliza muda. Kiambu waliliona hilo Januari 2020: Ferdinand Waititu alipong'olewa na Seneti, naibu wake James Nyoro akashika usukani hadi 2022.

Kosa linaloharibu zoezi hili mara nyingi hutokea mwishoni. Mtu anajumlisha, anaona aliyempenda tangu zamani ameshindwa, anarudi juu na kubadilisha uzito: maji yanashuka kutoka 5 hadi 3, barabara inapanda. Ukijikuta unafanya hivyo, simama uandike sababu halisi inayokuvuta kwake. Huenda ni kabila, huenda ni chama, huenda ni kwamba alimzika baba yako vizuri. Ikishaandikwa, amua kama unataka ikutawale miaka mitano.

SWALI: Kwa urais kuna mgombea mdogo ninayekubaliana naye karibu kwa kila kitu. Kila mtu ananiambia napoteza kura. Je, ni kweli? (Mwalimu, Voi)

JIBU: Mwalimu, kwa kiti cha urais si kweli, na hesabu yake iko wazi. Ili mtu atangazwe rais katika duru ya kwanza anahitaji mambo mawili: zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana mtu wa hivyo, duru ya pili hufanyika ndani ya siku 30 kati ya wawili wa mbele.

Chukua matokeo yaliyotangazwa 2022. William Ruto alipata 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969 na David Mwaure 31,987. Jumla ya kura halali ni 14,213,027, na nusu yake ni 7,106,513 na ushei. Ruto aliivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Wale wawili wadogo kwa pamoja walikuwa na 93,956. Watu hutaja pengo la 233,211 kati ya wa kwanza na wa pili kana kwamba ndilo lililoamua, wakati kizingiti cha duru ya pili kilikuwa karibu zaidi.

Kila kura anayopata mgombea mdogo inaongeza jumla, na jumla ikipanda nusu nayo inapanda: kura mbili za mdogo zinamsogezea anayeongoza kizingiti kwa kura moja. Ukikaa nyumbani, au ukiharibu karatasi, jumla haiongezeki. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu ya asilimia. Mwaka huo Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, na kura zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya laki moja, ndiyo maana suala hilo likafika mahakamani.

Hatari ipo mahali pengine. Ikiwa wagombea wenye nguvu ni watatu au wanne, duru ya kwanza inaamua nani anaingia fainali, na unayeweza kuvumilia anaweza kutolewa mapema. Ufaransa tarehe 21 Aprili 2002 ilikuwa na wagombea 16. Wapiga kura wa mrengo wa kushoto walijigawa kwa vyama vidogo wakidhani Lionel Jospin ataingia tu duru ya pili. Alipata asilimia 16.18, Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia akapata 16.86, na Jospin akaenda nyumbani. Duru ya pili watu wale wale wa kushoto walilazimika kumpigia Jacques Chirac, mtu wa kulia, akashinda kwa asilimia 82.

Basi jiulize: siku ya kura ikifika, nafasi ya pili inagombewa? Kama wawili wa mbele wamewaacha wengine mbali, mpigie mdogo wako bila wasiwasi. Kama wa pili na wa tatu wanakaribiana na mmoja wao humtaki kabisa, kura yako ina kazi ya haraka zaidi.

Kuna na faida nyingine ambayo haitajwi sana. Sehemu kubwa ya pesa za Hazina ya Vyama vya Siasa hugawanywa kwa kufuata jumla ya kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi mkuu uliopita, na si za urais peke yake. Kura kwa chama kidogo kwenye udiwani au ubunge inahesabiwa humo pia.

SWALI: Ugavana kwetu una wagombea wanane. Watatu ni wazuri kiasi, na tunajua watagawana kura, apite yule ambaye wengi hatumtaki. Tufanye nini? (Mama wa duka, Malindi)

JIBU: Mama, hapa sheria ni kinyume cha urais. Gavana, seneta, mbunge, Mwakilishi wa Wanawake na mwakilishi wadi hushinda kwa kura nyingi tu kuliko wengine, hata ziwe asilimia 22. Hakuna duru ya pili, kwa hiyo ushauri tuliompa mwalimu wa Voi hauwafai ninyi.

Kenya inakumbuka 29 Desemba 1992. Daniel arap Moi alibaki Ikulu kwa takriban asilimia 36. Kenneth Matiba alikuwa na kama 26, Mwai Kibaki kama 19, Jaramogi Oginga Odinga kama 17. Watatu hao kwa pamoja walizidi asilimia 60, na walishindwa. Kibaki alipoungwa mkono na karibu upinzani wote mwaka 2002, alishinda kwa takriban asilimia 62.

Kazi basi ni kujua mapema kati ya watatu wenu nani ana miguu. Usitegemee kura ya maoni ya kitaifa. Utafiti uliohoji watu 2,000 nchi nzima ukigawanywa kwa kaunti 47 unabaki na watu kama 42 kwa kaunti, na kwa idadi hiyo kosa linaweza kufika asilimia 15 juu au chini. Hata utafiti wa kaunti peke yake, watu 400, una kosa la karibu asilimia 5. Wawili wakiwa 28 na 25, haujui nani yuko mbele. Sheria inamtaka anayechapisha kura ya maoni ataje aliyeilipia, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha kosa. Ukiona picha kwenye simu isiyo na mambo hayo, itupe.

Vipimo vya mtaani vina maana zaidi mkivitafuta kwa makusudi. Je, ana mawakala katika wadi zote, au ni za kwao tu? Ana wagombea udiwani wanaomtaja majukwaani, au wanamkwepa? Mkutano wake ukitoka mjini kwenda Magarini au Ganze, watu wanakuja bila malori? Ulizeni hayo wiki mbili au tatu kabla ya kura, si siku ya mwisho. Kisha mtu aliye wa pili moyoni mwako lakini mwenye nguvu zaidi, mpe kura, na mwambie jirani sababu. Kugawanyika kunatokana na kila mtu kuamua peke yake akisubiri mwingine ahame.

Usichanganye hili na ule wito wa kupiga kura ya chama kimoja kuanzia juu hadi chini. Mwaka 2022 Meru na Taita Taveta, kila moja ilimchagua gavana asiye na chama, Kawira Mwangaza na Andrew Mwadime, huku wapiga kura wale wale wakigawa karatasi zao nyingine kwa vyama mbalimbali. Karatasi ni sita ili uamue mara sita.

SWALI: Nikiacha karatasi tupu, au nikiandika "hakuna anayetufaa", ujumbe utafika? (Kijana, Kayole)

JIBU: Hautafika, ndugu yetu, na tunasema hivi tukielewa hasira yako. Karatasi isiyo na alama hukataliwa. Yenye alama kwa wagombea wawili hukataliwa. Msimamizi wa kituo huinyanyua mbele ya mawakala, hutaja kwamba imekataliwa, huiweka kando, na kwenye Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, inaingia kama tarakimu moja pamoja na ya mama mzee aliyekosea kuweka alama. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 113,000, na hakuna anayeweza kusema ngapi zilikuwa za hasira.

India waliongeza kitufe cha "hakuna kati ya hawa" mwaka 2013 kwa amri ya Mahakama ya Juu yao. Angalau pale idadi inajulikana. Lakini hata huko, kitufe hicho kikipata kura nyingi kuliko wote, mgombea aliyefuata ndiye anayechukua kiti cha ubunge. Kenya haina hata hicho.

Unaloweza kufanya ni kupiga karatasi unazoziamini na kuacha zile ambazo kweli huna la kuchagua. Karatasi tupu ya seneta haiharibu karatasi yako ya mwakilishi wadi. Kila moja inahesabiwa peke yake. Tunakusihi usiiache ya mwakilishi wadi. Ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti, na wadi ndilo eneo dogo kuliko yote, kwa hiyo kura moja ina uzito mkubwa zaidi hapo.

Na ukikosea kwa bahati mbaya, usiitumbukize kwenye sanduku. Mrudishie msimamizi wa kituo, ataifuta na kukupa nyingine. Ikishaingia sandukuni hairudi.

SWALI: Niko Doha kikazi. Niliambiwa nikijiandikisha huku nitapiga kura ya rais peke yake. Gavana wetu ndiye ninayetaka kumtoa. (Dereva, Qatar)

JIBU: Uliambiwa kweli. Wakenya walio nje hupiga kura ya urais tu. Mwaka 2022 vituo vya nje vilikuwa katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Qatar na Falme za Kiarabu. Huwezi kuandikishwa mahali pawili, kwa hiyo chagua: kama una uhakika wa likizo Agosti 2027, baki kwenye daftari la nyumbani upate karatasi sita. Kama likizo iko mikononi mwa mwajiri, hamishia Doha mapema na utumie hiyo moja. Kura ya nyumbani ambayo tiketi ya ndege haikupatikana ni sifuri.

SWALI: Sisi huku Tanga jimbo letu chama kimoja hushinda kila mara. Mgombea wa chama ninachokipenda hapiti, na huyo mwenyewe simkubali sana. Nina sababu gani ya kumpigia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Unayo, na iko kwenye Ibara ya 78 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Viti maalumu vya wanawake bungeni hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, mradi chama kimefikisha angalau asilimia 5 ya kura zote halali. Kura kwa mgombea anayeshindwa Tanga inajumlishwa na za Mbeya, Kigoma na kwingineko, na inaweza kumwingiza mbunge wa viti maalumu wa chama hicho. Kwa hiyo kwenye karatasi ya ubunge unachagua mtu na chama kwa alama moja. Ukiwa na mashaka na mtu lakini chama unakiamini, na huyo mtu hana nafasi ya kushinda, mpigie kwa ajili ya chama. Akiwa na nafasi ya kushinda, mpime yeye mwenyewe, maana ndiye atakayekaa miaka mitano.

Kwa urais hesabu yenu ni tofauti na ya Kenya. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi. Sharti la kuvuka nusu liliondolewa. Hakuna duru ya pili ya kutegemea. Wala hakuna mgombea binafsi: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Tunasikitika sana kwamba katazo limeendelea baada ya hukumu hiyo, kwa sababu linawanyima watu kama wewe mlango wa tatu.

SWALI: Wazee wetu wameshakaa na kuamua ukoo upi utoe gavana na upi utoe mbunge. Mume wangu amesema nifuate. Mimi sikubaliani na nusu ya majina. (Mama wa watoto watatu, Mandera)

JIBU: Mama, makubaliano ya wazee hayana nguvu ya sheria ndani ya chumba cha kura. Unaweza kuyaheshimu kwa majina unayoyakubali na kuyaacha kwa mengine, na hakuna karatasi itakayoonyesha ulifanya nini.

Siri huvuja kwa njia tatu. Moja ni simu: mtu anataka umpigie picha karatasi. Iache nyumbani, useme betri ilikwisha. Ya pili ni msaada: anayesema haoni au hajui kusoma huruhusiwa mtu wa kumsaidia, na jamaa hutumia mwanya huo kukuchagulia. Kama unajua kusoma, sema hivyo kwa sauti mbele ya msimamizi. Kama unahitaji msaada, mtu huyo unamchagua wewe mwenyewe. Hawezi kuwa mgombea wala wakala, na anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu. Ya tatu ni mdomo wako mwenyewe ukitoka. Jibu la "nimepiga kura salama" linatosha.

Na wakileta pesa? Kutoa ni kosa, na kupokea ili upige kura kwa namna fulani ni kosa vilevile chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016.

SWALI: Kwa nini kila mara tunaletewa wagombea wabovu? (Bodaboda, Kitale)

JIBU: Kwa sababu uteuzi hufanyika miezi kadhaa kabla, na wachache ndio huhudhuria. Katika maeneo yenye chama chenye wimbi, anayeshinda mchujo wa Aprili kwa kawaida ndiye anayeapishwa baada ya Agosti. Tangu marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2022, chama huteua kwa kura ya wanachama walio kwenye daftari lake au kupitia wajumbe. Usipokuwa kwenye daftari, husemi kitu.

Anza kwa kuangalia uko wapi. Ingia eCitizen, sehemu ya Msajili wa Vyama vya Siasa, utazame jina lako. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa na vyama wasivyovijua. Kama umo kwenye chama usichokitaka, andika barua ya kujiuzulu na uipeleke kwenye ofisi ya chama. Inaanza kufanya kazi chama kinapoipokea, kwa hiyo baki na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe. Kisha jiandikishe kwenye kile chenye mchujo utakaoamua kiti cha kwenu, hata kama hukipendi chote. Sheria hairuhusu kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja.

Na kama mnaye mtu mnayemwamini na hakuna chama kinachomtaka, anaweza kusimama bila chama, mradi hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa kura ya 10 Agosti 2027, barua yake ya kujiuzulu iwe imegongwa muhuri kabla ya tarehe 10 Mei. Tungemshauri aipeleke Machi.